Waifai ya Mama Mkwe

Kazi yangu ni kufunga waifai na kuilinda, na kazi hii imenimalizia subira yote niliyozaliwa nayo. Naitwa kiwandani Nyakato, bosi analalamika kwamba mtandao wake unaibiwa. Nafika, nakuta neno la siri ni moja hadi nane, tena limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye mlango wa choo ili wageni wasisumbuke kuuliza. Mwingine ananipigia simu kwamba waifai yake imeisha, utadhani ni mafuta ya taa. Nikiwashauri wabadilishe, wananijibu, fundi, nani aniibie mimi? Jamani, mwizi hakuulizi wewe ni nani.

Kuna somo moja nililokuwa nampa kila mteja, atake asitake. Nilikuwa namwonyesha ruta, kile kidude chenye taa ndogondogo kinachosambaza intaneti ndani ya nyumba, nikimwambia kwamba kina milango miwili. Wa kwanza ni neno la siri la kuunganisha simu, na huo hata mgeni unaweza kumfungulia. Wa pili ni neno la kuingilia kwenye ruta yenyewe. Mwenye neno hilo ndiye msimamizi: anaona nani ameunganishwa, anazima, anawasha, anabadilisha apendavyo, na anaweza kufanya hivyo akiwa hata mji mwingine. Kwa hiyo, nilikuwa nasema, msimamizi awe mtu mmoja tu, na awe mtu unayeweza kumwachia funguo za nyumba ukisafiri. Wateja waliitikia kwa vichwa, na mimi nilijiona nina busara kweli.

Nyumba ya mama mkwe wangu iko Igogo, juu kwenye mawe. Ukiacha barabara unapanda ngazi za saruji ambazo marehemu baba mkwe alizimimina kwa mikono yake, moja ndefu, moja fupi, kwa jinsi jiwe lilivyomruhusu. Ukifika barazani unageuka kuvuta pumzi, unaliona ziwa lote limetandazwa chini. Sebule ndiyo chumba kikubwa, yenye meza ya kulia chakula na makochi ya vitambaa vyeupe. Jiko liko nje, upande wa nyuma, unashuka vidato vya mawe matupu kulifikia.

Baba mkwe alipofariki, mama alibaki peke yake kwenye nyumba hiyo. Mke wangu ndiye mtoto pekee aliyeko Mwanza, na sisi tunakaa mbali kidogo, Buhongwa. Shemeji yangu mkubwa, kaka yake mke wangu, ana kazi ya ofisini Dodoma na ana nyumba kubwa huko. Alimtengea mama chumba, akaweka kitanda na pazia, akamtumia picha. Mama akamshukuru sana, akamuuliza hilo ziwa la Dodoma liko upande gani wa nyumba. Walivutana hivyo kwa muda mrefu. Mama alikuwa na jumuiya yake ya sala, ana kuku wake, ana majirani wanaomjua tangu anabeba mimba ya kwanza, na hakuwa na nia ya kwenda kuzeekea kwa watu asiowajua majina.

Mwisho walikubaliana. Mama abaki Igogo, lakini sebuleni ifungwe kamera inayotumia waifai, ili shemeji awe anamwona akiwa Dodoma na kujua kama ameamka salama, kama hajaanguka. Shemeji aliweka sharti mbele yetu sote: siku kamera itakapokuwa haionyeshi, naye hajui mama yake yuko katika hali gani, basi ubishi umekwisha na mama anahamia Dodoma. Mama akasema sawa. Kwa hiyo kubaki kwake nyumbani kulitegemea kidude cha taa ndogondogo, na kidude kilinitegemea mimi.

Hapa inabidi nieleze jambo kwa wasio wa kwetu. Sisi Wasukuma, mkwe wa kiume na mama mkwe ni watu wanaopendana kwa mbali. Hatupeani mikono. Tukikutana njiani, mmoja anapisha. Chumbani kwake sijawahi kukanyaga na sitakanyaga. Na hasa kula: mama mkwe haonwi na mkwe wake akitafuna. Atakupikia, tena atakupikia kweli, sato mzima na wali juu, lakini wewe unakula kwako na yeye anakula kwake. Najua vijana wa mjini siku hizi wanakaa meza moja na mama wakwe zao, wanagombania paja la kuku na kucheka. Sina neno nao, kila mtu na kwao. Mama mkwe wangu na mimi tulikuwa hatujafika huko, na tulikuwa tunasikilizana vizuri sana.

Siku ya kufunga nilipiga hodi kutoka chini ya ngazi. Nikamwamkia nikiwa barazani, shikamoo mama, akaitika marahaba baba kutoka ndani, kisha akatokea mlango wa nyuma na kwenda kwa jirani mpaka nimalize. Niliiweka ruta juu ya kabati la vyombo. Kamera niliifunga pembeni, juu, ikitazama meza, makochi na mlango wa mbele kwa pamoja. Nilibadilisha maneno yote ya siri ambayo vifaa vilitoka nayo kiwandani. Nilichagua ulinzi wa kisasa kuliko wote uliokuwemo, nikafunga ile njia ya kujiunga kwa kubonyeza kitufe, nikaupa mtandao jina lisilomtaja mwenye nyumba. Picha za kamera ziliingia kwenye simu tatu: ya shemeji, ya mke wangu, na yangu. Msimamizi nikajiweka mimi. Nani mwingine? Si mimi ndiye fundi wa familia? Nilishuka ngazi zile nikipiga mluzi, nimemaliza kazi safi na adabu nimeitunza.

Kiangazi chote mambo yalikwenda sawa. Shemeji alikuwa akimwona mama akisali, akikunja kanga, akisinzia kwenye kochi redio ikisema peke yake. Mvua za vuli zilipoanza, kamera nayo ikaanza vituko. Mchana inapotea, baada ya muda inarudi. Jioni inapotea, inarudi. Shemeji akawa ananipigia simu kwa sauti ya mtu anayejizuia.

Kwanza niliilaumu mvua. Nikapanda na ngazi ya mbao, nikakagua waya unaoingia ndani, nikaufunga upya pale unapoingilia maji. Haikusaidia. Kisha nikawalaumu majirani. Mlima ule nyumba zinatazamana uso kwa uso, kila nyumba ina waifai yake, na mitandao ikisemea njia moja inapigana kelele. Nikaihamisha ya mama kwenye njia iliyo tupu, nikapunguza nguvu isifike kwa watu bila sababu. Haikusaidia. Nikabadilisha kifaa cha umeme. Wapi.

Hapo ndipo nikamwona adui. Nikaamini kuna mtu, fundi mwenzangu mjinga, anayeifukuza kamera ya mama kwenye mtandao makusudi, maana mbinu hiyo ipo na haihitaji akili nyingi. Nilimchukia mtu huyo kwa moyo wangu wote. Nikawasha ulinzi wa kuzuia mbinu yake. Nikaficha jina la mtandao. Nikaamuru ruta isikubali kifaa chochote isipokuwa vile ninavyovijua. Nilipomaliza, mtandao wa bibi mmoja mwenye kuku Igogo ulikuwa umelindwa kuliko wa viwanda vyangu vyote vya Nyakato. Kesho yake mchana, kamera ikapotea kama kawaida.

Siku hizo mke wangu aliniletea salamu kutoka kwa mama yake. Mwambie baba asijisumbue, alisema. Nilizipokea kama upole wa mtu mzima anayemhurumia mkwe wake kwa kupanda ngazi kila mara. Nikamjibu mke wangu kwamba mimi sishindwi na kidude.

Nikiwa narudi kutoka kazini ng'ambo ya Busisi, shemeji akapiga. Hakupandisha sauti, na hilo lilinitisha zaidi.

"Shemeji, umejitahidi," akasema. "Lakini kama wewe fundi umeshindwa, basi. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua mama."

Mke wangu alilia. Mimi sikulia, ila nilikasirika hata nikakosa usingizi, nimekasirikia mvua, majirani, watengenezaji wa kamera, na shemeji mwenyewe. Mama alipopewa habari hakubisha. Alisema sawa, Mungu yupo. Siku mbili tatu baadaye mke wangu akaenda kumwona, akakuta ameanza kugawa kuku. Mtetea mwekundu, yule ambaye mama alikuwa hampi mtu hata yai lake, alikuwa ameshaenda kwa jirani. Niliposikia hivyo nikasema naenda kukaa kwenye nyumba ile tangu asubuhi mpaka nimwone huyo mchawi anazima vipi.

Nilifika nikapiga hodi, tukaamkiana kama kawaida, mimi barazani, yeye ndani nyuma ya pazia. Nikamwambia leo nakaa hapa nje na kompyuta yangu, naangalia mtandao tu, asinijali. Akasema karibu baba. Nikafungua kompyuta mapajani, nikaweka picha ya mawimbi ya mtandao wake, nikasubiri. Asubuhi yote mstari ulikuwa umenyooka, hauna hata kikohozi. Mvua ikanyesha kidogo ikakatika. Mstari umenyooka.

Mchana mama akanitengea chakula. Kigoda kilisogezwa mpaka kizingitini, sinia likawekwa juu yake, birika la maji ya kunawa pembeni, na mkono ukarudi ndani. Sato wa kukaanga, wali, mchicha. Nilinawa nikaanza kula, jicho moja kwenye kompyuta. Nilikuwa sijamaliza mgongo wa samaki, mstari ukakatika. Si kudhoofika, ulikatika.

Nilisimama na tonge mkononi. Redio ndani ilikuwa inaendelea kusoma taarifa, kwa hiyo umeme ulikuwepo. Nikasogea mlangoni, nikasimama pembeni nisije nikaona ndani. Nikasikia kiti kinavutwa. Nikasikia kijiko kwenye sahani.

"Mama," nikaita, "umeme upo?"

"Upo, baba."

"Mbona waifai imezimika?"

Kijiko kikatulia. Redio iliendelea na mambo yake ya bei ya pamba. Nikadhani hakunisikia, nikataka kurudia.

"Nimeizima mimi," akasema. "Nakula."

Nilirudi kwenye kiti changu nikakaa nikiangalia samaki. Ilinichukua muda kuelewa, maana akili yangu ilikuwa bado inamtafuta mchawi kwenye nyumba za jirani. Kisha nikaelewa, na uso ukanichoma. Ile kamera ilikuwa inatazama meza. Simu yangu ilikuwa na picha ya kamera. Tangu nilipoifunga, mama mkwe wangu hakuwa na mahali pa kula nyumbani kwake ambapo mkwe wake hayupo. Nikafunika sinia, nikafunga kompyuta, nikamuaga kwa kupaza sauti ili ajue nimeondoka kweli, nikashuka.

Mengine aliyatoa mke wangu kwa mama yake jioni ile. Kiangazi chote mama alikuwa anakula kule jikoni nje, amekaa kwenye kigoda, sahani magotini. Mvua zilipokuja, vile vidato vya mawe vikawa utelezi, na magoti yake si ya kushuka na sahani kwenye utelezi. Ndipo akaanza kuchomoa waya, anakula mezani, anarudisha waya. Mke wangu akamuuliza kwa nini hakusema, mpaka anafikia kugawa kuku. Mama akamwambia angesemaje? Aseme mkwe wake anamchungulia? Hajamchungulia, ni mtu wa heshima, hajawahi kumkosea. "Lakini yupo," alisema. Afadhali aende Dodoma kuliko kumtia doa mtoto wa watu.

Nilijitetea, bila shaka. Nilimwambia mke wangu kwamba sijawahi kuifungua picha ile tangu siku ya kwanza nilipoijaribu. Ilikuwa kweli. Mke wangu akasema anajua, na mama naye anajua, kwa hiyo nisipigane na mtu ambaye hajanishtaki. Basi nikaifuta kamera kwenye simu yangu mbele yake. Akampigia mama kumweleza. Mama akauliza swali moja: akitaka kuirudisha, anaweza? Mke wangu hajui kusema uongo, akajibu ndiyo mama, si ndiye msimamizi. Mama akasema haya, ahsante. Na kesho yake mchana akachomoa waya.

Nilikasirika tena, safari hii kwa dakika chache tu. Miaka yote nimewahubiria watu wenye viwanda kwamba ulinzi si kuamini kuwa mtu hataingia; ulinzi ni kwamba hata akitaka hawezi. Wananikodolea macho. Mama mkwe alikuwa amelitaka hilo hilo, na mimi nilikuwa nampa ahadi.

Kwa hiyo ilinipasa kufanya kitu ambacho sijawahi kumfanyia mteja: kufunga mtandao ambao mimi mwenyewe siwezi kuuingia. Nilifikiri mke wangu atashika usimamizi. Mama akakataa kwa upole, akasema simu inayolala mto mmoja na simu ya mkwe wake ni simu ya mkwe wake. Mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta. Zikabaki simu mbili, ya mama mwenyewe na ya mwanawe wa Dodoma. Na wa Dodoma hayupo. Basi mama ndiye atakayeandika kila kitu, kwa mkono wake, kwenye simu yake.

Tulifika Jumamosi asubuhi. Mama aliingia sebuleni akaiteremsha ruta mezani. Mimi nilikaa barazani chini ya dirisha, mgongo ukutani, uso ziwani. Mke wangu alikaa mkekani mbele yangu anachambua mchele, na yeye pia alikatazwa kuingia. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, mimi nasemea mbele na mama anasikia nyuma.

Nilimwambia achukue sindano ya kushonea, atafute tundu dogo mgongoni mwa kile kidude, aingize ncha mpaka asikie kitu kinabonyea, ashikilie bila kuachia mpaka taa zote zife. Hapo kazi yangu yote niliyojisifia ilifutika, ulinzi wangu wote wa kisasa, na ruta ikawa kama ilivyotoka dukani. Mama akaniambia taa zimekufa, kwa sauti ya mtu aliyetoa habari za msiba. Nikamwambia subiri zitafufuka. Zikafufuka. Nikamwelekeza asome neno la kiwandani lililobandikwa tumboni mwa ruta, aliandike kwenye simu bila kunitajia. Akatafuta miwani. Miwani ilikuwa kichwani.

Ukurasa ulipofunguka ulikuwa wa Kiingereza, na mama Kiingereza hana habari nacho. Akawa ananitajia herufi ya kwanza ya kila neno na idadi ya vijumba vya kujaza, mimi namwambia huo uache, huo ndio. Mara mbili tulipotea tukarudi. Kama angekuwa mteja ningeshampokonya simu. Lakini sikuwa na namna ya kumpokonya, ukuta ulikuwa katikati, ikabidi nisubiri. Nikajikuta nasubiri bila shida yoyote. Tulikuwa hatujawahi kuongea muda mrefu hivyo tangu nimuoe binti yake.

Tukafika kwenye neno la siri lenyewe, lile la msimamizi. Nikamwambia sasa fikiria neno lako, refu, asiloweza kulibahatisha mtu, na tafadhali usilitaje. Akauliza kama jina la mtu linafaa. Nikamjibu kwa haraka ya kazi yangu kwamba halifai kabisa, majina ndiyo wezi wanayoanza nayo.

"Hili hawalijui," akasema. "Aliyekuwa ananiita hivyo amekufa."

Mke wangu aliacha kuchambua. Mimi nilitazama ziwa. Kivuko kilikuwa kinarudi, kidogo sana kwa mbali. Nikamwambia linafaa, mama. Liandike, uongezee na tarakimu mwishoni.

Aliandika polepole. Ruta inataka neno liandikwe mara mbili, na mara ya pili halikulingana na ya kwanza, maandishi mekundu yakatoka. Akaandika tena, yakatoka tena. Tukamsikia anajisemea kwa Kisukuma kwamba hata alipokuwa hai lilikuwa halitamkiki kirahisi, kisha akacheka, na mke wangu akacheka, na mimi nikashindwa kujizuia. Safari ya tatu likakubali. Kamera akaiunganisha yeye mwenyewe, akampa ruhusa mwanawe mkubwa, basi. Nikajaribu kuingia kwa kompyuta yangu na maneno yote niliyokuwa nayo. Sikuweza.

Nilimpigia shemeji palepale kumweleza. Hakupendezwa. Akasema fundi hawezi kujitoa kwenye mtandao alioufunga, je, ukiharibika? Nikasema ukiharibika nitakuja nikae barazani, mama aandike upya. Akasema hiyo si kazi ya kitaalamu, na safari yake iko palepale. Hapo hasira yangu, iliyokuwa imelala asubuhi yote, ikaamka.

"Mama yako amekuwa akila kwa kujificha ndani ya nyumba yake," nikamwambia. "Utaalamu wangu ndio uliomficha."

Sikumpa nafasi ya kujibu, nikamwambia yote, jiko, vidato, utelezi, waya, kuku. Nilipomaliza akasema amesikia, akakata simu. Sikujua amesikia nini. Mke wangu alinilaumu kwamba nimemtolea kaka yake maneno makali, halafu akaniambia ahsante.

Jumatatu mchana nilikuwa Nyakato, juu ya ngazi, navuta waya darini, simu ikaita. Shemeji. Nikajiandaa kugombana.

Hakugombana. Alisema ameifungua kamera muda wa chakula, akitarajia kukuta giza kama siku zote. Akamwona mama anaingia na sinia. Akaliweka mezani, akanawa, akakaa kwenye kiti chake, akasali. Halafu, kabla hajagusa chakula, akainua uso kule pembeni, juu, akatazama moja kwa moja kwenye kamera.

"Akanikaribisha," shemeji akasema. "Karibu tule, mwanangu. Hivyo hivyo."

Kamera ile inasikia tu, haisemi. Shemeji aliniambia alimjibu hata hivyo, ahsante mama, nakaribia, kwa sauti, ofisini, watu wakageuka. Akafunga mlango, akatoa chakula chake kwenye mfuko, akakiweka mbele ya simu.

Nilishikilia ngazi. Mimi sikuliona jambo hilo na sitaliona, ninalo kwa kusimuliwa tu. Nikamuuliza mama anaendeleaje.

"Anakula taratibu sana," akasema. "Nilikuwa sijui kama anakula taratibu hivi." Nikasikia anapenga kamasi. "Shemeji, tumwache mama ale kwake."